Habari za Ajabu za Wanyama na Namna ya Kuzipima



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja litakalowafaa wanafunzi wakiwa likizoni, na wazazi nao walisome wakipenda. Nimechagua jambo ambalo hakuna asiyelipenda, nalo ni habari za ajabu: wanyama wenye vituko, mambo madogo ya kuchekesha, na zile habari ambazo mtu akizisikia husema, "Ati kweli?" Habari za namna hii sasa twazipata kwa wingi katika intaneti, nasi twapelekeana kwa simu tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Nataka tujifunze kuzipima.

Siandiki haya ili kukataza furaha. Kupashana mambo ya ajabu si desturi iliyoletwa na simu. Wazee wetu walikuwa na saa yao ya jioni, kazi zikiisha na moto ukiwaka, ambapo mmoja aliita "Kitendawili!" na wenzake wakaitika "Tega!" Baada ya vitendawili zilifuata habari za fisi, za sungura, na za mamba aliyeonekana mtoni. Watu walicheka, na watoto walijifunza mengi bila kujua kwamba wanafundishwa. Lakini tofauti moja ipo. Zamani msemaji alikuwa mbele yako, nawe ulimjua yeye na baba yake. Akizidisha chumvi, mzee mmoja alikohoa, na watu wote wakafahamu. Habari ya simu hufika haina mwenyewe. Humjui aliyeiona, humjui aliyeianzisha, wala hakuna mzee wa kukohoa. Basi kazi ya kukohoa imekuwa yetu sisi.

Karatasi mbili ubaoni

Hapa shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, lakini warudipo kutoka likizo huja na maajabu waliyoyaona katika simu za wazazi na kaka zao, na wengine huyapata katika chumba cha kompyuta. Kwa sababu hiyo tunao ubao karibu na mlango wa maktaba ambao wanafunzi wameuita Ubao wa Maajabu. Mwenye ajabu yake huiandika katika karatasi na kuibandika, na wengine husoma wakipita.

Muhula huu karatasi mbili zilibandikwa siku moja. Ya kwanza ilisema kwamba liko ziwa katika nchi yetu, Ziwa Natron, ambalo hugeuza wanyama kuwa mawe. Ndege akigusa maji tu, hugeuka jiwe papo hapo. Kando yake palikuwa na picha ya ndege mweupe kama chokaa, amekaa juu ya tawi. Ya pili iliandikwa kwa penseli na mtoto wa Kidato cha Kwanza, ambaye baba yake ni mvuvi katika bwawa letu hili la Nyumba ya Mungu. Ilisema hivi: "Kambale hutoka majini usiku, akatembea katika nyasi mpaka dimbwi jingine."

Karatasi ya kwanza ilisadikiwa na wote. Ya pili ilichekwa, na kwa siku kadhaa mtoto yule aliitwa Kambale badala ya jina lake. Basi nikazitoa karatasi zote mbili ubaoni, nikaingia nazo darasani, nikawaambia wanafunzi tutafanya kama wafanyavyo watu wa mwaloni. Samaki akiletwa mwaloni hasifiwi kwa macho peke yake. Hupandishwa juu ya mizani. Na mizani yetu ina maswali manne:

1. Ni nani aliyeona?
2. Aliona wapi, na lini?
3. Katika habari hii kimeongezwa nini, au kimepunguzwa nini?
4. Habari hii ikienea, ni nani atakayefaidika, na ni nani atakayeumia?

Ndege wa Natron

Tuanze na Natron. Ni nani aliyeona? Jina lipo: ni mpiga picha aitwaye Nick Brandt, ambaye picha zake zilitokea katika kitabu chake cha mwaka 2013. Wapi? Ukingoni mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai na mpaka wa Kenya. Mpaka hapo habari inasimama vizuri. Maji ya ziwa lile ni makali kwa magadi, na mnyama aliyekufa humo aweza kukauka na kufunikwa na magadi hata mwili wake usioze upesi. Wamisri wa kale nao walitumia magadi ya namna hiyo kukausha maiti za wakubwa wao.

Sasa tuje kwenye swali la tatu, kwani hapo ndipo mzigo unapopungua. Mpiga picha mwenyewe alieleza kwamba aliwaokota ndege na popo wale ukingoni wakiwa wamekwisha kufa na kukauka, kisha akawaweka juu ya matawi na juu ya mawe ili waonekane kana kwamba wako hai. Maelezo hayo ndiyo yaliyopunguzwa. Picha ilikwenda mbele, maelezo yakabaki nyuma. Kisha watu wakaongeza maneno "papo hapo", na kwa maneno hayo mawili ziwa likawa mchawi.

Na tazameni hasara yake. Mtu aliyesadiki kwamba Natron huua kila kigusacho maji hatajua kamwe ajabu iliyo kubwa zaidi, yaani ziwa hilo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ndege wale wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Maelfu kwa maelfu hujenga viota vyao vya matope katikati ya magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi. Wako hata samaki wadogo wa jamii ya perege ambao huishi katika chemchemi za moto pembezoni mwa ziwa hilo. Kwa hiyo ziwa lisemwalo kuwa ni la mauti ni nyumba ya uzazi. Uongo ulitupa jiwe, ukatuficha ndege aliye hai.

Kambale wa bwawa letu

Tukaipandisha karatasi ya pili juu ya mizani. Nikamwuliza mtoto yule, "Ni nani aliyeona?"

Akajibu, "Baba yangu, mwalimu, na mimi nilikuwa naye."

"Wapi, na lini?"

"Kando ya bwawa, mwalimu, usiku wa mvua za masika. Kulikuwa na dimbwi lililojitenga na maji makubwa. Asubuhi tulikuta alama katika matope, na kambale wawili katika nyasi, wanapumua."

Baadaye baba yake alipokuja shuleni kwa shughuli zake, nilimkaribisha, nikamwuliza jambo lile lile. Alisema, "Mwalimu, mimi sijui vitabu. Lakini samaki huyu nimemwokota katika umande, si mara moja."

Nami nikawafungulia wanafunzi kitabu cha Baiolojia. Kambale, mbali na mashavu yake ya kupumulia majini, anacho kiungo kingine juu ya mashavu hayo, chenye matawi kama mti mdogo, ambacho kwacho huvuta hewa kama sisi. Maji yakipungua au yakichafuka, huja juu kuvuta hewa. Na ardhi ikiwa na unyevu, aweza kutambaa kwa kujisukuma kwa mapezi yake yenye miiba na kwa kupinda mwili, mpaka afike maji mengine. Habari ya penseli ilikuwa kweli tupu, na shahidi wake alikuwa umbali wa mwendo wa saa moja.

Hapa ndipo penye kiini cha somo langu, wasomaji. Darasa zima lilisadiki jambo lililotoka mbali kwa sababu lilikuja na picha nzuri, likacheka jambo la nyumbani kwa sababu lilikuja na mtoto wa mvuvi. Tunapima habari kwa uzuri wa nguo zake badala ya kuupima uzito wake. Na siku hizi ziko mashine za akili unde ambazo hutengeneza picha ya kitu kisichokuwapo kabisa duniani, nayo ikaonekana safi kuliko picha ya kweli. Picha peke yake si shahidi tena. Shahidi ni mtu, mahali, na siku.

Mambo ya kweli yaliyo kama uongo

Mtu asidhani kwamba mizani hii ni ya kukataa tu. Mara nyingi hutuonyesha kwamba jambo tulilolicheka ni la kweli. Nitatoa mifano mitatu, mmoja wa Kenya na miwili ya Tanzania.

Mwishoni mwa Desemba mwaka 2004, wakati wa mawimbi makubwa ya tsunami katika Bahari ya Hindi, mtoto wa kiboko alikutwa amekwama baharini karibu na Malindi, amepotezana na wenzake. Wavuvi na wenyeji walimvuta kwa nyavu na kamba, akapelekwa katika Hifadhi ya Haller huko Bamburi, Mombasa, akaitwa Owen. Alipofunguliwa tu, alimkimbilia kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aitwaye Mzee, ambaye alikisiwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake. Tangu siku ile wakala pamoja, wakaogelea pamoja, na wakalala pamoja. Jina, mahali, na tarehe vyote vipo. Walakini hata habari hii ya kweli iliongezwa chumvi njiani, maana wengine walisema kwamba kiboko amempata "mama". Kobe Mzee alikuwa dume! Owen alipokua walitenganishwa, akawekwa pamoja na kiboko mwenzake aitwaye Cleo.

Mfano wa pili ni wa Ndutu, katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Mwezi Julai mwaka 2017 mgeni mmoja alipiga picha za simba jike akimnyonyesha mtoto wa chui. Simba na chui ni maadui, na kwa kawaida simba akimkuta mtoto wa chui humuua. Lakini simba huyu alijulikana kwa jina, Nosikitok, naye alikuwa amevaa ukosi wenye chombo cha kuonyesha mahali alipo. Watafiti walijua pia kwamba alikuwa amezaa wiki chache tu kabla. Maziwa yalikuwapo, na mapenzi ya mama yalikuwapo. Jambo ni la ajabu mno, lakini mashahidi wake wametimia.

Mfano wa tatu uko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko shirika liitwalo APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hufundishwa kwamba akitambua harufu ya baruti atasikia mlio mdogo na kupewa chakula, kama ndizi au karanga. Kwa kuwa uzito wake ni mdogo, hupita juu ya bomu lisilipuke. Panya mmoja, Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na huko akagundua mabomu ya ardhini 71 na vitu vingine vya mlipuko 38. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu, naye akafa Januari mwaka 2022 akiwa amestaafu. Wenzake hunusa makohozi ya wagonjwa ili kusaidia kutambua kifua kikuu. Je, mtu angetuambia zamani kwamba panya wa Morogoro atavishwa nishani na Waingereza, nani angalikubali?

Uongo ulioua

Mpaka hapa wengine watasema, "Mwalimu, hata hivyo kuna dhara gani? Mtu akisadiki kwamba ziwa hugeuza ndege kuwa jiwe, nani amekufa?" Kwa hiyo nataka tutazame upande wa pili wa Milima ya Upare, kule Mkomazi, tulipime swali la nne.

Zamani faru weusi walikuwa wengi katika nyika ya Mkomazi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hakubaki hata mmoja. Katika Afrika nzima faru weusi walipungua kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 mpaka chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Waliuawa kwa ajili ya pembe. Pembe nyingine zilikwenda Yemen kufanywa mipini ya majambia, na nyingine zilikwenda Asia ya Mashariki kwa kuwa watu waliambiwa ni dawa. Lakini pembe ya faru ni nini? Imefanyika kwa keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha za vidole vyako na kwato za ng'ombe. Mgonjwa anayekunywa unga wa pembe ya faru ni kama anayekunywa kucha.

Na msidhani kwamba haya ni mambo ya kale. Katika miaka ya 2000 uvumi ulienea Vietnam kwamba mtu mmoja mkubwa amepona saratani kwa pembe ya faru. Tuupandishe uvumi huo juu ya mizani. Ni nani aliyepona? Hakutajwa. Wapi, na lini? Hakuna ajuaye. Swali la kwanza tu lingetosha kuuangusha. Lakini watu walipashana, na uvumi ule ukawa miongoni mwa sababu za bei ya pembe kupanda. Katika Afrika Kusini faru waliouawa na majangili mwaka 2007 walikuwa 13. Mwaka 2014 walikuwa 1,215. Nao wagonjwa walionunua pembe walipoteza fedha zao, na wengine walipoteza wakati ambao wangekuwa hospitali.

Huku kwetu kazi ya kurudisha kilichopotea imekuwa ndefu na ya gharama. Ilijengwa boma maalumu yenye uzio na walinzi, na mwaka 1997 faru wanne wa kwanza waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Wengine walifuata baadaye, hata kutoka bustani za wanyama za Ulaya, na Mkomazi ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Fikirini basi: neno la uongo husafiri bure, lakini faru mmoja wa kuirudisha kweli husafiri kwa ndege akilindwa kwa bunduki.

Ukweli ulioponya shamba

Kama uongo mdogo waweza kuua, ukweli mdogo nao waweza kuponya. Wazazi wengi wa wilaya za Same na Mwanga wajua uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta tembo wamemaliza mahindi. Sasa sikilizeni ajabu hii: tembo, pamoja na ukubwa wake, huogopa nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Wafugaji wa Kenya walikuwa wakisema zamani kwamba tembo hukwepa miti yenye nyuki. Mtafiti Lucy King alilipima neno hilo kwa kuwasikizisha tembo sauti ya nyuki iliyorekodiwa, naye akaona wengi wao wakiondoka.

Halafu wakulima wa Sagalla, katika nchi ya Taita ng'ambo ya mpaka, wakasaidiwa kujenga uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kwa waya kati ya nguzo na nguzo, mmoja kila mita kumi hivi. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti wa miaka tisa, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba katika misimu mizuri zaidi ya 80 katika kila tembo 100 waliokaribia uzio waligeuka. Lakini msinichukulie nusu ya habari: utafiti huo huo ulionyesha kwamba ukame ukija nyuki huhama, na uzio wa mizinga mitupu hauna nguvu ile. Mtu atakayeeneza nusu ya kwanza na kuiacha ya pili atamtia hasara jirani yake. Ndiyo maana twauliza kilichopunguzwa.

Nusu kweli

Kuna habari ambazo si uongo mtupu wala si kweli tupu, nazo ndizo ngumu kupima. Mfano ni ule usemao kwamba kiboko hutoka jasho la damu. Ni kweli kwamba ngozi ya kiboko hutoa majimaji mekundu. Lakini si damu, wala si jasho hasa. Wanasayansi wa Japani walieleza mwaka 2004 kwamba ndani yake mna rangi mbili, nyekundu na ya chungwa, ambazo huikinga ngozi na ukali wa jua, na ile nyekundu huzuia vijidudu visikue. Kwa hiyo ukiiandika habari hii usiseme "damu". Sema "majimaji mekundu ya kukinga jua", na msomaji atastaajabu vile vile, tena atakuwa amejifunza.

Neno moja la pembeni. Mara nyingi kituko kinachopelekwa si cha mnyama, bali ni picha ya mtu: mwenzako aliyeanguka, mzee aliyelewa, mama anayelia sokoni. Hapo hata kama habari ni kweli na mashahidi wapo, swali la nne linaikataa, kwa maana yupo mtu atakayeumia. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na kwa habari za uongo, wazazi wafahamu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuwa kosa kutangaza kwa kompyuta au simu habari ambayo mtu ajua ni ya uongo, akikusudia kupotosha watu.

Maajabu ambayo hakuna aliyeyaandika

Jambo la mwisho. Nilipohesabu karatasi za ubaoni, niliona nyingi ni za nyangumi, za dubu, na za kangaruu. Si vibaya, dunia ni kubwa na yafaa tuijue. Lakini tazameni vitu vilivyo karibu nanyi.

Bwawa letu lilijengwa katika miaka ya 1960, mahali ambapo maji ya Kikuletwa yatokayo upande wa Meru na Kilimanjaro hukutana na maji ya Ruvu yatokayo Ziwa Jipe, kisha huwa Mto Pangani. Katika maji hayo yumo perege mmoja ambaye wataalamu wamempa jina la Jipe. Asili yake ni mfumo huu wa Mto Pangani peke yake, na hakuna mto mwingine duniani alikotoka. Naye ameandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Na juu ya milima ya Upare Kusini, katika msitu wa Chome chini ya kilele cha Shengena, yuko ndege mdogo wa kijani na kijivu, mwenye duara jeupe kulizunguka jicho kama mtu aliyevaa miwani, ambaye haonekani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hiyo.

Watu wa nchi za mbali wangependa sana kusikia habari hizo. Ni nani atakayewaandikia, kama si ninyi mnaokaa nao? Mtu wa mbali akiandika juu yetu asituulize, ziwa letu hugeuka jiwe. Tukiandika wenyewe, tena kwa uangalifu, kambale wetu atatembea.

Kazi ya likizo

Kila mwanafunzi ajaribu yafuatayo, ayaandike katika daftari:

1. Tafuta ajabu moja ya mnyama, mdudu, au mmea uliyoiona kwa macho yako mwenyewe nyumbani. Andika siku, saa, mahali, na uliyekuwa naye. Usiongeze neno.

2. Mwombe mzazi au babu au bibi akueleze ajabu moja ya mnyama aliyoiona yeye. Mwulize maswali mawili ya kwanza kwa adabu, si kama polisi.

3. Chagua habari moja ya ajabu kutoka katika simu ya nyumbani. Ipandishe juu ya mizani ya maswali manne. Kama haina mwenyewe, haina mahali, na haina siku, andika: "Haijapimika," wala usiipeleke kwa mtu.

4. Watu husema kwamba mbuni akiogopa huficha kichwa chake mchangani. Fikiri: atapumuaje? Kisha mwulize mtu aliyewahi kuwaona mbuni katika nyika ya Simanjiro au Mkomazi mbuni hufanya nini hasa akiwa juu ya mayai yake na adui akikaribia. Linganisha maneno yake na kitabu.

5. Waulize wavuvi majina wanayowapa samaki wa bwawa letu, na alama wanazowatofautishia. Kila mwanafunzi alete majina matano kwa uchache.

Madaftari yaletwe wiki ya kwanza ya muhula ujao. Habari kumi zitakazotimiza maswali yote zitabandikwa ubaoni kwa wino, na jina la shahidi litaandikwa chini ya kila moja, awe ni mwalimu, au mvuvi, au bibi achotaye maji. Ile ya kambale itakuwa ya kwanza, nayo itakuwa na majina mawili chini yake, la mtoto na la baba yake.

Nawatakia likizo njema.